Njia ya Joka Ilivyopita Mjimwema

Kama umewahi kusikia kwamba Songea kuna mwalimu aliyemfanya bibi wa watu aezue nyumba yake kwa sababu ya joka, usihangaike kuuliza ni nani. Ni mimi, Faustini, mwalimu wa jiografia, mwenye akili timamu, mke mmoja na vyeti vyote halali. Nimekaa na aibu hii mwaka mzima nikidhani itaisha yenyewe kama mafua, haikuisha, na sasa nimeona bora niisimulie kwa mdomo wangu maana kila anayeisimulia huko mtaani anaongeza la kwake (wapo wanaosema nilikuwa nimelewa komoni, sikulewa, na ingekuwa nafuu kama ningekuwa nimelewa).

Mambo yalianza na kitabu. Kwa miaka minane nilikuwa najiandaa kuandika riwaya, na siyo riwaya ya mapenzi wala ya ufisadi, hapana, ile ya ulimwengu wa kubuni, yenye wafalme na majoka na mito inayorudi ilikotoka, ufalme mzima nilioupa jina la Mbalanyi, na naomba ulishike vizuri hilo neno najiandaa, kwa sababu ndani ya miaka yote hiyo sikuwa nimeandika hata sentensi moja ya hadithi yenyewe. Nilikuwa na madaftari makubwa saba, yale ya jalada gumu. Moja lilikuwa la ukoo wa wafalme kumi na mmoja, nani alimzaa nani na nani alimtilia nani sumu. Jingine lilikuwa la lugha yao, ambayo niliipa ngeli kumi na nne (Fortunata, mke wangu, aliniuliza Kiswahili kimekosa nini). Jingine la kalenda, jingine la vyakula, jingine la namna wanavyozika. Kila nilipomaliza daftari nilisema haya, sasa naanza sura ya kwanza, halafu nakumbuka kwamba huwezi kuanza sura ya kwanza bila kujua upepo wa kule unavuma kutoka wapi, basi nanunua daftari jipya.

Na nisikudanganye, ilikuwa raha. Nyie mnaocheka hamjui raha ya kitu ambacho bado hakijaanza. Nasahihisha mitihani ya kidato cha pili, watoto wananiandikia kwamba Mto Ruvuma unaanzia Misri, mimi moyoni najua nyumbani kuna ufalme unanisubiri. Niko kanisani mahubiri yamekuwa marefu, ninao. Nimegombana na mtu, ninao. Kitabu ambacho hujakianza hakina kosa hata moja, hakuna aliyekisoma akapiga miayo. Nilikuwa nimeshaliona mpaka jalada lake, rangi ya herufi, na maneno nitakayosema siku watakaponiuliza wazo hili mwalimu ulilipata wapi, nikawa natabasamu peke yangu nyuma ya bodaboda. Ili nisisumbuliwe niliachana na simu kubwa nikabaki na kitochi, nikamweleza Fortunata kwamba ni kwa ajili ya maandalizi.

"Maandalizi," alisema, bila kunyanyua macho kwenye cherehani yake. "Wenzio wakijiandaa miaka minane wanakuwa mapadri."

Mwaka jana, mwezi wa kumi, ikawa imebaki ramani tu. Nilikuwa nimejiapia kwamba ramani ikikamilika, kesho yake asubuhi naandika sentensi ya kwanza, hakuna tena kisingizio. Sasa mimi ramani ya kubahatisha siwezi, mto lazima ushuke kutoka mahali, barabara lazima ikwepe tindiga na matope yake, kwa hiyo nikafanya jambo lililoonekana la akili sana wakati ule: nikachukua mtaa wetu hapa Mjimwema, kijito chetu, mwinuko wetu, vichochoro, hata nyumba mojamoja, nikauchora wote kwa kipimo halisi, halafu juu yake nikaanza kuujenga ufalme. Barabara ya Mfalme ikapita kutoka kijitoni mpaka karibu na kigango, kile kikanisa chetu cha mwinukoni. Sambamba nayo, kwa wino mwekundu, nikachora NJIA YA JOKA, mistari miwili mipana iliyonyooka, kwa sababu joka langu lilikuwa zito na halikuwa na tabia ya kukata kona. Nyumba ambazo lingezipitia nikazitia alama ya X. Vita vilikuwa viwili, basi pembeni nikaandika AWAMU YA KWANZA na AWAMU YA PILI. Majina ya ufalme wenyewe sikuwa nimeyaandika, nilitaka niyaweke mwishoni kwa mwandiko wa urembo, baada ya kuikuza.

Kila mwenye nyumba nchi hii anajua X nyekundu maana yake nini: inavunjwa. Na mimi nilijua. Sijui akili ilikuwa imekwenda wapi.

Jumamosi nikaipeleka Lizaboni, kwenye steshenari ndogo ya dada mmoja anaitwa Zuhura, ambaye siku zote ndiye anayetutolea mitihani ya shule, ili aikuze kwenye karatasi nne kubwa ambazo ningeziunganisha kwa gundi. Ndani kulikuwa na watu watatu wanasubiri zamu. Zuhura akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mwalimu, mbona kama kwetu huku? Hii si ile njia ya kwenda kisimani? Ramani ya nini hii?"

Hapo ndipo. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye pumzi moja ile. Ningesema ni ya hadithi, angecheka, wale watatu wangecheka, ningecheka nao, nikachukua karatasi zangu nikaondoka. Lakini nilijitazama nilivyosimama pale, baba mzima mwenye upara unaoanza, shati la kazini, kalamu mfukoni, na joka. Nikasema, "Ni ya mradi."

"Mradi gani?"

"Mradi tu. Bado ni siri kidogo, dada."

(Siri kidogo. Kuna watu wanatafuta maneno ya kuwasha moto mwaka mzima hawayapati.)

Kopi za kwanza zilitoka na michirizi, mashine ilikuwa inaishiwa wino, Zuhura akaziweka pembeni, akaongeza wino, akatoa nyingine. Nikachukua zile safi nikaenda zangu nikipiga mluzi. Zile za michirizi sikuziulizia, nani anaulizia kopi iliyoharibika? Na kweli nilipofika nyumbani nikabandika ramani ukutani kwenye kile chumba chetu cha akiba, nikaitazama mpaka giza likaingia, na kesho yake asubuhi sikuandika ile sentensi ya kwanza kwa sababu niligundua nimesahau kupanga mifugo.

Wiki iliyofuata Fortunata alirudi kutoka kwenye sala za jumuiya amenyong'onyea. Akasema kuna barabara kubwa inakuja, itakata Mjimwema katikati, nyumba zimeshawekewa X, ramani imevuja kutoka ofisini, picha zake zinazunguka kwenye magrupu ya simu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amesimuliwa tu. Mimi picha sikuiona, kitochi changu hakijui picha ni kitu gani, mimi nilisikia kwa masikio kama watu wa zamani. Utaniuliza, hukushtuka? Nilishtuka, ila kwa upande mbaya. Waliponieleza inapoanzia na inapoishia, niliona ni palepale nilipopitisha Barabara ya Mfalme, na badala ya kutia shaka nikajisifu, nikasema kumbe wahandisi nao wameona nilichokiona, jiografia haidanganyi. Nilitembea na sifa hiyo siku nzima.

Wakazi wakaunda kamati ya kufuatilia, wakanichagua katibu, kwa kuwa mimi ni mwalimu na ninaelewa ramani. Nikakubali. Nikaandika barua mbili za malalamiko, ndefu, zenye aya zilizopangwa vizuri, na sikujua kwamba ninajilalamikia mwenyewe.

Sasa Bibi Anastazia. Ni jirani yetu, mjane, nyumba yake iko pale kijito kinapopinda, vyumba vitatu vya tofali mbichi alivyoachiwa na marehemu mumewe, na mabati juu yake aliyaweka mwenyewe, msimu mmoja wa mahindi mabati matatu, msimu mwingine manne, mpaka nyasi zikaisha zote. Alasiri moja alikuja kwetu, akakaa, akakataa chai, nikajua jambo ni zito.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayejua hizi karatasi. Niambie ukweli tu. Wanakuja?"

Na mimi, katibu, nikakunja nne, nikasema, "Bibi, wakubwa wakishachora wamechora."

"Na fidia?"

"Fidia inaweza kuchelewa. Wewe okoa kinachookoka. Mabati ukiyatoa mwenyewe yanatoka mazima. Ukingoja waje na mashine yao, yanakuwa chapati."

Chapati. Nilisema hivyo, na nikafurahia mfano wangu. Bibi Anastazia aliangalia chini, akahesabu kitu kwenye vidole vyake, akasema mvua je, mwezi huu si ndio zinaanza? Nikamwambia, bibi, mvua inasubirika, katapila halisubiriki. Fortunata alisimamisha cherehani akanitazama.

Jumapili baada ya misa majirani wakaja kumsaidia, na mimi mwenyewe nikapanda juu ya kenchi za paa na nyundo, nikang'oa misumari hadi mikono ikachubuka. Kutoka kule juu nilikuwa nauona mtaa wote, kijito, mwinuko, paa la kigango, na nikawaza jinsi ulivyofanana na Mbalanyi, na ndiyo, nilifurahi. Nalisema hili ili mjue vizuri mtu mnayemsikiliza ni wa aina gani. Mabati yakapakiwa kwenye pikapu yakapelekwa kijijini Maposeni kwa kaka yake bibi ayatunze. Yeye akabaki, kitanda chake kwenye chumba kimoja chini ya turubai la kuazima, anasubiri kuambiwa siku ya kuhama.

Mkutano wa hadhara uliitwa Alhamisi, uwanja wa shule ya msingi. Sijawahi kuona watu wengi vile isipokuwa mazishini. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mpole anayependa mambo yaende kwa utaratibu, alikuwa amemwalika afisa wa ardhi kutoka manispaa, na yule afisa akasimama akasema vizuri kabisa, "Ndugu zangu, ofisini kwetu mradi huu haupo. Ramani hii hatuitambui. Lakini imechorwa na mtu anayejua kazi, na sisi tunataka kujua imetoka wapi."

Watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele, "Mnatuficha!" Mwingine, "Watu wameshaezua, mnasema haupo!" Mwenyekiti akainua mikono.

"Tulieni, tulieni. Tunaye katibu wa kamati, ni mwalimu wa jiografia, siyo mtu wa kubabaishwa. Aje aisome hiyo ramani mbele yetu sote, mstari kwa mstari. Mwalimu, karibu."

Wakanipigia makofi. Nilipita katikati ya watu nimeinua kichwa, barua zangu mkononi, huku nyuma yangu wanabandika makaratasi kwenye ukuta wa darasa, na nikasimama nikawatazama wananchi, nikakohoa kidogo, nikasema, "Ndugu wananchi," halafu nikageuka.

Michirizi ilikuwepo. Chini ya michirizi kulikuwa na mkono wangu. Ile J yenye mkia niliyoirembesha kwa dakika ishirini. Kijito nilichokipaka penseli ya bluu. X zangu. Sijui kama umewahi kukutana na nguo yako imevaliwa na mtu mwingine, ile sekunde ambayo unaijua na huijui.

"Endelea, mwalimu," Mwenyekiti akasema. "Tuanzie hapa kwenye Njia ya Joka. Tumeambiwa Joka ni lile katapila jipya la minyororo. Ni kweli?"

"Siyo katapila," nikasema.

"Ni nini basi?"

"Ni joka."

"Ndiyo, Joka. Kirefu chake ni nini?"

"Halina kirefu, Mwenyekiti. Ni joka tu. Lile nyoka kubwa."

Mwenyekiti akamtazama afisa, afisa akanitazama mimi. Nadhani hata hapo ningeweza kuanguka nikajifanya nimezimia, nimefikiria sana jambo hilo baadaye, lakini katikati ya watu akasimama Zuhura, amejifunika mtandio, analia.

"Jamani mimi sinyamazi, Mungu ananiona. Hiyo ramani kaileta mwalimu mwenyewe dukani kwangu. Nikamuuliza, akasema ni ya mradi, ni siri. Mimi nilimwonyesha mama tu, wallahi, mama tu, nikamwambia tunavunjiwa."

Halafu sauti ya mwanamume mmoja aliyekuwa amesogea karibu na ukuta ikasema, "Hebu angalieni kwake. Kwake hakuna X!"

Na kweli haikuwepo. Mwandishi gani anajipitishia joka? Lakini hilo huwezi kulieleza uwanjani. Watu wakaanza kusogea, wengine wanasema nimetumwa na wanunuzi wa viwanja, wengine wanasema nipelekwe polisi palepale, na mimi kwa hofu nikasema ukweli wote kwa mkupuo mmoja, kwamba ni ya kitabu, riwaya, kuna ufalme, kuna vita viwili, joka linatoka kijitoni linakwenda kwenye kasri, na kasri ndiyo kigango, samahani, siyo kigango, ni mahali tu palipo na mwinuko.

Yule afisa, na alikuwa mtu wa adabu, akasema, "Sawa mwalimu. Tuonyeshe hicho kitabu, tumalize jambo hili."

"Sijaanza kukiandika."

"Hujakimaliza?"

"Sijakianza."

"Sasa ramani..."

"Ni maandalizi."

"Unajiandaa tangu lini?"

Nilitafuta namba ndogo. Nilimwona Fortunata amesimama pembeni karibu na bomba, kitenge amekivuta mpaka mdomoni. "Miaka minane," nikasema.

Kicheko kilianzia kwa akina mama waliokaa mbele kikaenda nyuma kikarudi. Watu walicheka wakashikana mabega. Wapo waliocheka kwa sababu nyumba zao zimepona, nawaelewa, wapo waliocheka kwa ajili ya lile nyoka kubwa. Mwenyekiti mwenyewe aligeuka akatazama ukuta, mabega yanamcheza. Nilikuwa nimekibeba kitu kile miaka minane kama mtu anavyobeba yai, na siku nilipokitamka kwa mara ya kwanza mbele za watu kilitoka hivyo. Nilipotazama tena kwenye bomba Fortunata hakuwepo.

Kilichokomesha kicheko ni Bibi Anastazia kusimama. Hakupaza sauti.

"Mwalimu. Kwangu umeweka hiyo alama."

"Ndiyo, bibi."

"Hilo joka lako, linanikuta ndani?"

Wafalme kumi na mmoja nilikuwa nao, ngeli kumi na nne nilikuwa nazo, nilijua mpaka wanakula nini siku ya msiba. Nikasema, "Sikuweka watu humo, bibi. Zilikuwa nyumba tu."

"Nyumba tu."

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akakaa.

Ile haya naisikia mpaka leo. Angenitukana ningepona mapema zaidi.

Ijumaa alfajiri nilichukua bodaboda kwenda Maposeni, niyarudishe mabati kabla sijaomba hata msamaha, maana niliona msamaha usio na mabati ni kelele. Kaka yake bibi, mzee mmoja mkavu anayeongea polepole, alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanionyesha banda lake jipya la mahindi, na juu ya banda yalikuwa yanang'aa mabati ya dada yake, yamepigiliwa misumari kila pembe.

"Alisema nimtunzie," akasema. "Bati halitunzwi chini, mwalimu, linashika kutu. Linatunzwa juu."

Nikamweleza. Ilinibidi nieleze yote, na joka likiwemo, na yeye hakucheka, alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nipe mpaka Jumatatu nihamishe mahindi." Nikasema mzee, mvua. Akasema ndiyo, mvua, na mahindi nayo yananyeshewa. Alikuwa sahihi. Kila mtu katika mkasa huu alikuwa sahihi isipokuwa mimi.

Mvua ilinikuta njiani narudi. Haikuwa ya kutisha, ilikuwa ile mvua ya kwanza ya msimu ambayo wakulima wote wa Ruvuma wanaiombea, tulivu, nzito, isiyo na haraka, na wakati watu barabarani wanaipokea kwa mikono, mimi nilikuwa nyuma ya bodaboda nawaza tofali mbichi. Nilipofika ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umeshalala chini. Turubai lilikuwa limekusanya maji, likavuta kenchi, kenchi ikasukuma ukuta. Bibi hakuwa ndani, Mungu ni mwema, Fortunata alikuwa amemtoa lilipoanza kudondoka tu. Lakini kitanda kilikuwa chini ya tope, na debe la mbegu za mahindi alizochagua punje kwa punje kwa ajili ya kupanda lilikuwa limepinduka, mbegu zimesambaa kwenye maji kama mtu kazimwaga makusudi.

Fortunata alikuwa amesimama katikati ya kile kilichokuwa chumba, sketi ameikunja, anachota maji. Alinitazama.

"Chukua ndoo," akasema.

Siku nne nzima hakuniambia neno jingine.

Bibi Anastazia alihamia kwetu. Masika yakishaanza hakuna anayefyatua tofali, kwa hiyo alikaa mpaka mvua zilipokatika, miezi sita, kwenye kile chumba cha akiba. Ramani niliibandua nikiwa nimempa mgongo, madaftari nikayasukuma chini ya kitanda chetu. Alikuwa mgeni mwepesi mno, anaamka kabla yetu, anafagia uwanja, anachambua maharage na Fortunata wakiongea Kingoni kwa sauti ya chini, na nikiingia wanahamia kwenye Kiswahili, kwa heshima tu. Nilikuwa natamani mara moja anigombeze. Asubuhi moja aliniuliza, bila ubaya wowote, nadhani alitaka tu kuniondolea ukimya, "Basi nisomee hata kidogo, hiyo hadithi." Nikamwambia bibi, haipo. "Hata mwanzo?" Hata mwanzo.

Shuleni sitaki kusema mengi. Kila nilipoingia darasani kulikuwa na nyoka ubaoni, mwingine amechorwa vizuri sana, na mkuu wa shule aliniita akaniambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba kuanzia sasa ramani zangu zote zipitie kwake kwanza. Zuhura nilikwenda kumwomba radhi, yeye akaniomba radhi mimi, tukabaki tunaombana radhi mpaka wateja wakaanza kulalamika.

Na nilijaribu kuandika. Nilijiambia kama nimeshaaibika, basi angalau kitabu kiwepo, watu waseme alikuwa mjinga lakini aliandika. Jumamosi moja nikakaa mezani tangu asubuhi, karatasi nyeupe, kalamu mpya. Nikaandika, "Katika ufalme wa Mbalanyi," na papo hapo nikamsikia Mwenyekiti anauliza kirefu chake ni nini. Nikaikata. Nikafunga macho niutafute ufalme, kwa miaka minane ulikuwa unakuja wenyewe bila kuitwa, na kilichokuja ni uwanja wa shule na watu wameshikana mabega wanacheka. Nikajaribu Jumamosi ya pili, na ya tatu. Sikuchoma madaftari, sikuyatupa mtoni, najua watu wanapenda mwisho wa namna hiyo, yapo palepale chini ya kitanda. Nikiyafungua naona kazi ya mtu mwenye mwandiko mzuri ambaye simjui vizuri. Zamani nilikuwa naamka kuna kitu kinanisubiri. Siku hizi naamka ni asubuhi tu, nanawa uso, naenda kazini.

Mwezi wa sita tulimaliza ukuta, safari hii wa tofali za kuchoma, mimi na fundi mmoja, Jumamosi zangu zote zilikwenda humo (nilikuwa nazo za kutosha). Mabati yalirudi na matundu mapya ya misumari, tukayaziba kwa lami. Siku ya kuhama Bibi Anastazia alimshukuru Fortunata kwa muda mrefu, wakakumbatiana, wakalia kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na godoro kichwani. Alipofika kwangu alisimama, akaniwekea mkono kwenye bega.

"Mwanangu, wewe si mtu mbaya. Nimekaa kwako nimekuona. Ila usinishauri tena."

"Sitakushauri, bibi."

Na sijamshauri, wala yeye wala mtu mwingine yeyote chini ya jua. Nimeapa. Wenzangu kazini wakibishana kuhusu viwanja natoka nje. Fortunata akiniuliza kitambaa kipi kinafaa nasema vyote vizuri. Juzi tu mgeni mmoja alinisimamisha barabarani, amebeba begi, amechoka, akaniuliza njia ya kwenda stendi, na mimi, mwalimu wa jiografia niliyezaliwa Songea hiihii, nikamwambia samahani ndugu yangu, ulizia mbele.